Usichore maji, chora kumwagika

"Shikamoo mwalimu. Nasoma usanifu wa grafiki, mwaka wa pili. Tumepewa kazi ya kutengeneza bango la A2 la methali moja, kwa herufi tupu: hakuna picha, hakuna mchoro, rangi nyeusi na nyingine moja tu. Nimechagua 'Maji yakimwagika hayazoleki'. Neno MAJI nimelitia buluu, nikalipinda kama wimbi na kuliwekea matone. Maneno mengine nimeyapa kila moja fonti yake ili bango lisichoshe, na mojawapo ni fonti ya Kiafrika niliyoipakua. Nimetumia siku nne. Mwalimu wangu aliangalia akasema, 'Umepamba herufi, hujazisemesha.' Sikuelewa. Wenzangu wote wanasema ni nzuri. Zimebaki wiki tatu. Je, nibadilishe fonti? Nibadilishe methali? Au ni kwamba tu haipendi kazi yangu?"

Marahaba, mwanangu. Siku nne juu ya maneno matatu si kidogo, na nakuomba usizihesabu kuwa zimepotea. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja kwa sababu naona yamo mawili ndani ya moja. Kuna la fonti, ambalo ni jepesi na tutalifikia. Na kuna lile linalouma: kazi imekutoa jasho, wenzako wameisifu, halafu mtu unayemheshimu anakwambia haijasema kitu. Hapo ndipo mtu huanza kujiuliza kama anayekataliwa ni yeye mwenyewe. Simjui mwalimu wako, lakini sentensi aliyokupa ni ya mtu aliyeitazama kazi kwa makini. Asiyejali angekwambia "ongeza rangi" akapita zake. Naona ana haki, na naona pia kwamba uko karibu na jibu kuliko unavyodhani.

Methali usiibadilishe. Umechagua vizuri mno, na baadaye kidogo nitakuonyesha kwa nini.

Tuanze na lile wimbi. Mtu akisimama mbele ya bango lako anaona maji ya buluu yenye mawimbi na matone. Sasa tuseme nimelifuta neno MAJI nikaandika SODA, au SAMAKI, au jina la kampuni ya kuchimba visima. Wimbi lako litakaa palepale na litafaa vilevile. Hiyo ndiyo dalili ya pambo: unaweza kulihamisha likapendeza kwingine bila chochote kuumia. Tena methali yenyewe haizungumzii maji. Anayeitamka hana kiu. Anazungumzia jambo lililokwisha kutokea na halirudi nyuma: tusi lililotamkwa mbele za wakwe, talaka iliyotolewa kwa hasira, ada ya mtoto iliyoishia kwenye kamari. Maji yameitwa kuja kutoa ushahidi tu, na wewe umempiga picha shahidi ukaiacha kesi.

Karibu kila anayeanza hupita hapo, na sababu yake inaeleweka. Tukiambiwa tuzifanye herufi ziseme, jicho hukimbilia nomino, kwa kuwa nomino ina umbo. Neno moto tunaliwekea ndimi, neno damu tunalichuruzisha. Kitenzi hakina umbo la kunakili, kwa hiyo tunakiruka. Lakini tazama kile herufi inachokiweza na kisichokiweza. Haiwezi kufanana na maji, hata uipinde vipi. Inaweza kuinama, kusukumwa, kubanwa, kuachwa nyuma, kuzama, kukosekana mahali pake. Hivyo vyote ni vitenzi. Karatasi na herufi vilizaliwa na kipaji cha kuigiza tendo, ndiyo maana ninakuambia: acha kuchora maji, chora kumwagika.

Kabla hujaigusa kompyuta tena, kuna jambo moja la kuamua, na ukiliruka hili mengine yote yatakuwa ya kubahatisha. Nani anaisema methali hii, anamwambia nani, na anaisema kabla au baada ya tukio?

Mfikirie bibi anayemfariji mjukuu aliyeachwa na mchumba. Sauti yake iko chini, maneno yanatoka polepole, na "hayazoleki" kinywani mwake maana yake ni "acha kujitesa". Mfikirie sasa mzee wa ukoo aliyeketi kati ya ndugu wawili wanaokaribia kugawana shamba kwa matusi. Hapo maji bado yamo mtungini, mtungi umeshainama, na "hayazoleki" ni onyo. Halafu yupo jirani anayeisema kwa kusuta, mambo yakishaharibika, huku akihakikisha anasikika hadi nyumba ya pili. Herufi ni zile zile 25, lakini hayo ni mabango matatu yasiyofanana. Bibi ukimvisha herufi nene za kichwa cha habari cha gazeti, umemfanya apige kelele msibani. Jirani ukimpa herufi nyembamba zenye nafasi pana, umemnyang'anya makali yake. Bango lako la sasa halina msemaji, na nadhani hicho ndicho mwalimu wako alichokikosa.

Ukitaka kuona jambo hili likifanyika bila pambo lolote juu ya herufi, fungua kabati la mama. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Mapambo yote yako kwenye pindo na mji. Jina lenyewe kwa kawaida huchapwa kwa herufi kubwa za kawaida kabisa, mstari mmoja, hazikupindwa wala kuwekewa matone. Nguvu yake inatoka mahali lilipokaa. Jina huwekwa sehemu ya chini ya mji, juu kidogo ya pindo, hivyo kanga ikifungwa kiunoni maneno huja nyuma, na msomaji wake ni yule anayebaki akikutazama ukiondoka. Sijaona herufi ya madoido inayoweza kusuta namna hiyo. Mimi huiita kanga mwalimu wa kwanza wa taipografia, yaani sanaa ya kupanga herufi, katika pwani yetu, na huwa nasikitika nikiona wanafunzi wanaitafuta elimu hii mbali ilhali imekunjwa chumbani kwao.

Sasa njoo tuitazame methali yako kwa karibu, maana hapa ndipo penye utajiri. Una maneno matatu, kila moja zito kimaana kuliko lililotangulia. Chukua "yakimwagika". Ya- ni maji yenyewe. Kisha inakuja -ki-, kiambishi cha sharti. Hiyo ndiyo bawaba ya methali nzima: kabla ya -ki- mtungi umesimama, baada yake kila kitu kiko chini. Kisha tazama mwisho wake: hatukusema "yakimwagwa", tumesema "yakimwagika". Kauli ya kutendeka haimtaji aliyemwaga. Methali haitafuti mkosaji, na kwa bango la bibi jambo hilo ni la thamani kubwa, maana yake hakuna haja ya herufi zinazoshutumu.

"Hayazoleki" ni tamu zaidi. Mzizi wake ni zoa, kukusanya vitu vilivyotapakaa. Zoa, zoleka, na ile l inajitokeza. Ukitaka kusema maji yanaweza kukusanywa ungesema "yanazoleka". Ukikanusha, neno linabanwa pande zote mbili: ha- inakuja mbele, na a ya mwisho inageuka kuwa i. Ukanushi umelishika neno huku na huku kama mikono miwili, na katikati ndipo penye kitendo kisichowezekana. Mbunifu anayekijua Kiswahili anaona hapo muundo umeshatolewa bure: ncha mbili imara, katikati panapofifia. Anayefanya kazi na lugha yenye vijineno vidogo vidogo vilivyotengana hawezi kupata zawadi hii ndani ya neno moja. Na ina upande wa tahadhari pia. Kwetu sarufi nyingi iko mwanzoni mwa neno. Ukiichezea ha- hadi ipotee, hujaharibu pambo, umeharibu maana, na msomaji atabaki na "yazoleki" ambayo si Kiswahili.

Umeuliza kuhusu fonti, na ili nikujibu kwa haki lazima nieleze kwanza herufi hupataje maana nje ya neno inaloandika. Kuna mambo ambayo umbo la herufi linayasema kwa sababu ya mwili wetu. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Mjerumani Wolfgang Köhler aliandika juu ya maumbo mawili, moja lenye ncha kali na jingine la mviringo, na majina mawili ya kubuni, takete na baluma. Watu wengi waliliita takete lile umbo lenye ncha bila kufundishwa. Wengine baada yake walilijaribu jambo hili kwa majina mengine wakaona mwelekeo uleule. Ncha ni kali sikioni pia. Ndiyo maana herufi nene huonekana zinasema kwa nguvu, nyembamba zinanong'ona, na zilizobanana zinaonekana zina haraka au zina hofu.

Jambo la pili, na lenye nguvu zaidi, ni kumbukumbu. Herufi hubeba harufu ya mahali tulipoiona. Nilipokuwa kijana, katika duka la uchapaji nililofanyia kazi, nilipanga kadi ya shukrani baada ya arobaini ya marehemu. Nilitumia zile herufi za mikunjo kwa sababu niliziona zina adabu. Ndugu wa marehemu alipokuja kuichukua aliishika muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Hii si ya mchango wa harusi?" Hakukuwa na neno hata moja la kimakosa kwenye kadi ile. Macho yake yalikuwa yamezisoma herufi kabla hayajayasoma maneno. Tulichapa upya usiku uleule, na tangu siku hiyo sijachagua herufi bila kujiuliza msomaji wangu aliiona wapi mara ya mwisho.

Hapo ndipo penye tatizo la "fonti ya Kiafrika". Hujaitaja jina, lakini nyingi zinazopakuliwa kwa sifa hiyo, zile nene zilizokatwakatwa kama kwa panga, zinafuata nyayo za Neuland. Neuland ilitengenezwa mwaka 1923 huko Offenbach, Ujerumani, na Rudolf Koch kwa kiwanda cha herufi cha Klingspor. Aliikata moja kwa moja kwenye chuma bila kuichora kwanza kwenye karatasi, ndiyo maana kingo zake zina ukali ule. Hakuna Afrika ndani yake. Ilikuja kuzoeleka baadaye, hasa katika matangazo na vitabu vya Magharibi, kama alama ya msitu, safari na wanyama wa porini. Filamu ya dinosaria ya mwaka 1993, Jurassic Park, iliitumia kwenye nembo yake. Kwa hiyo ukiipachika kwenye methali ya bibi yako, unamvisha bibi nguo aliyoshonewa na mtalii. Iondoe. Uafrika wa bango hili umeshakaa ndani ya -ki- na ndani ya ha-, hauhitaji kitambulisho kingine.

Na zile fonti nyingi? Hapa naomba ufanye jaribio dogo. Andika neno NYEKUNDU kwa kalamu ya kijani, KIJANI kwa kalamu nyekundu, na mengine kumi ya namna hiyo, kisha mwambie rafiki ataje haraka rangi ya wino, si neno. Atakwama. John Ridley Stroop alichapisha majaribio ya aina hii mwaka 1935 na tangu hapo yamerudiwa duniani kote. Umbo na neno vikisema vitu viwili, msomaji hulipa kwa kuchelewa, hata kama hajui analipa nini. Fonti tatu kwa maneno matatu ni sauti tatu zinazogombea sentensi moja. Msomaji anajaribu kujua tofauti hizo zina maana gani, anakuta hazina, anaondoka amechoka, na wewe ulikuwa unataka kuondoa uchovu. Chagua familia moja ya herufi yenye unene wa aina mbili au tatu, ukae nayo. Mabadiliko yakitokea ndani ya familia moja, kila mmoja ataona kwamba kuna kitu kimetokea. Kwenye Google Fonts ziko nyingi za bure zenye leseni safi. Hakuna haja ya kupakua za wizi, na hata programu ya bure kama Inkscape inatosha kwa kazi hii.

Lazima niwe mkweli hapa: wapo wataalamu wakubwa ambao wangekuambia herufi isiseme lolote. Mwaka 1930 mjini London, Beatrice Warde, Mmarekani aliyefanya kazi na kampuni ya Monotype, alitoa hotuba akifananisha uchapaji mzuri na bilauri ya kioo cheupe: unaona kinywaji, huoni bilauri. Kwa kitabu cha kurasa 300 au maelezo ya dawa nakubaliana naye kabisa. Bango ni jambo lingine, maana lina maneno matatu na mpita njia mwenye sekunde chache. Ila somo lake libaki mfukoni mwako: kila unachokiongeza juu ya herufi kidaiwe sababu.

Sasa karatasi mkononi. Chukua kikombe cha maji, mwaga kwenye sakafu ya saruji, kisha mwaga kingine kwenye mchanga au vumbi la nje. Tazama tu. Kwenye saruji maji hujikusanya kwanza, kingo zake zikiwa zimevimba kidogo, halafu ulimi mmoja hutoka, ukafuata mteremko ambao hukujua kwamba sakafu yako inao. Kwenye mchanga hayatembei kabisa. Yananyonywa. Sekunde chache tu na kilichobaki ni doa jeusi. Hakuna buluu popote! Rangi yako ya pili, kama utaitumia, huenda ikawa ya udongo, au huenda usiihitaji kamwe. Na jibu la kwa nini hayazoleki umeliona kwa macho: ardhi imeyanywa.

Ukirudi mezani, andika methali yote kwa herufi ndogo. Najua MAJI kwa herufi kubwa ilionekana na nguvu, lakini herufi kubwa hufanya kila neno liwe boksi. Kwa herufi ndogo unapata j, y, g na y nyingine zinazoning'inia chini ya mstari, na unapata nukta tano: mbili katika "maji", mbili katika "yakimwagika", moja mwisho wa "hayazoleki". Zikumbuke hizo nukta.

Kama msemaji wako ni bibi, mimi ningezamisha. "Maji" likae kamili, "yakimwagika" lianze kushuka kuanzia kwenye -ki-, na "hayazoleki" likutwe limezama nusu, limekatwa chini kwa mstari mmoja ulionyooka kama usawa wa ardhi. Utaogopa halitasomeka. Weka karatasi juu ya neno hilo ufunike nusu ya chini: y itafanana na v, lakini neno utalisoma. Kisha funika nusu ya juu uache ya chini, uone linavyokataa. Herufi zetu zina utambulisho wao zaidi upande wa juu. Kwa hiyo unaweza kuzamisha mengi kutoka chini, lakini juu uguse kwa hofu. Hatari ya njia hii ni kuizidisha kwa vivuli na viwimbi. Kata tu, basi.

Kama ni mzee wa ukoo, tendo halijatokea bado, kwa hiyo usimwage. Simamisha "ya" wima, inamisha "ki" nyuzi chache, kila herufi inayofuata iiname zaidi, kisha simama hapo hapo kabla neno halijaanguka. Msomaji atasikia mwilini mwake hamu ya kulishika. Hii ni njia ngumu kuipima: nyuzi chache mno zinaonekana kama kosa la printa, nyingi mno zinaonekana mchezo wa watoto. Utaipata kwa kujaribu mara ishirini, hakuna hesabu yake. Na kwa jirani, rudi kwenye kanga: mstari mmoja, herufi nene, mahali pa chini, na utupu wote wa A2 juu yake. Utupu ni kimya, na kimya kirefu kabla ya neno la kusuta kinajulikana na kila aliyekulia uswahilini.

Kuna njia ya nne ambayo naipenda lakini ninaiogopea. Ni zile nukta. Maneno yote yapangwe kwa utulivu, bila kupinda chochote, ila nukta tano hazipo juu ya herufi zake. Zimelala chini kabisa ya karatasi. Mwaka 1965 Herb Lubalin wa New York alibuni nembo ya jarida la Mother & Child, yaani Mama na Mtoto: ndani ya o ya neno la mama aliweka alama ya &, na ndani yake akapakata neno la mtoto. O ikawa tumbo la uzazi. Herufi moja tu ilibeba kila kitu, nyingine zote zilinyamaza. Jarida halikuwahi kutoka, nembo inafundishwa hadi leo. Njia ya nukta ni ya ukoo huo. Hofu yangu ni kwamba kwenye A2 inaweza kuonekana kama nembo iliyokuzwa, na mtu aliye mbali asizione nukta kabisa. Ukiitaka, ijaribu kwa ukubwa halisi kabla hujaipenda.

Na kuijaribu kwa ukubwa halisi si gharama. A2 ni sawa na A4 nne. Printi vipande vinne, vibandike kwa seloteipu ukutani, kaa mlangoni. Kioo cha kompyuta kinakudanganya kwa sababu kinakuruhusu kukuza. Mpita njia hana kitufe cha kukuza. Kabla ya hapo, fanya michoro midogo 30 kwa penseli, saizi ya kiberiti, na mingine kwa kukata herufi za karatasi kwa mkasi na kuzisogeza mezani kwa vidole. Mkono unagundua mambo ambayo panya wa kompyuta hayagundui, hasa kuhusu uzito na kuanguka.

Kisha watafute watu watatu wasiojua kazi hii. Usiwaulize kama ni nzuri. Hilo ndilo lililokuponza kwa wenzako: walikujibu ulichowauliza, nao walisema kweli, bango linapendeza. Waonyeshe kwa sekunde tano, ligeuze, uwaulize mambo mawili: imeandikwa nini, na anayesema yuko katika hali gani? Wawili wakisema "anafariji" au "anaonya" kulingana na ulichokusudia, umefika. Wakisema "kuhusu maji," rudi mezani.

Yako mambo ambayo siwezi kukusaidia kutoka huku. Nafasi kati ya herufi na herufi, hasa pale k inapokutana na i na z inapokutana na o, inahitaji mtu aliyesimama mbele ya karatasi hiyo hiyo. Mpelekee mwalimu wako michoro yako mitatu ikiwa imeprintiwa, usimpelekee picha kwenye simu, na umwambie, "Mwalimu, huyu ni bibi, huyu ni mzee, huyu ni jirani, niendelee na nani?" Utaona mazungumzo yatakavyobadilika. Kama baada ya hapo bado unahisi anakuonea, nenda kwa mwalimu mwingine wa idara na kazi ile ile mkononi. Ni haki yako, na haimvunjii mtu heshima. Mtafute pia fundi anayeandika mabango kwa brashi mtaani kwenu. Kaa naye mchana mmoja umwangalie anavyopima neno refu ukutani kabla ya kulianza. Na wiki moja kabla ya siku ya kukabidhi, siyo usiku wake, nenda duka la printi uulize wana karatasi gani na mashine yao inaacha pambizo kiasi gani, kwa sababu bango la kuzama likikatwa milimita chache upande wa chini linakuwa bango lililoharibika.

Ukishazibandika zile A4 nne, simama pale mlangoni upige picha ukiwa hapo hapo, usisogee karibu, unitumie. Nataka kuona kama -ki- inainama.